Albatrosi mweusi na ndugu yake wa mgongo wa kijivu

Ukiwaona kwa mbali juu ya bahari ya kusini, utaapa kwamba ni ndege mmoja: mbawa nyembamba ndefu, mkia uliochongoka, mwili wa rangi ya moshi. Kisayansi ni wawili, Phoebetria fusca na Phoebetria palpebrata.

Wengi huanza na mgongo. Fusca ana rangi ya masizi karibu mwili mzima, ilhali palpebrata ana kichwa cheusi na mgongo wa majivu unaong'aa juani. Mimi siutegemei sana mgongo, maana manyoya ya fusca yakichakaa hupauka shingoni na kukupoteza kabisa. Tazama mdomo. Kwenye taya la chini pana mfereji mwembamba: kwa fusca ni wa njano au rangi ya chungwa, kwa palpebrata ni wa buluu. Alama hiyo ndogo ndiyo ninayoiamini kwa ndege aliyekomaa.

Palpebrata husaka chakula kusini zaidi, hadi kwenye barafu ya Antaktika, na huzaliana visiwa kama South Georgia na Macquarie. Fusca hupenda maji yasiyo baridi kiasi hicho; visiwa vya Gough na Tristan da Cunha, Atlantiki ya Kusini, ni ngome zake.

Wote hutaga yai moja tu, na wakifanikiwa kulea kinda hupumzika mwaka unaofuata. Ndiyo maana ndoano za meli za uvuvi, zinazowanasa na kuwaua, zinaniuma moyo: fusca tayari yumo hatarini kutoweka, na pengo la mzazi mmoja huchukua miaka mingi kuzibika.