Vifuniko vya kibodi vya herufi za Kiarabu, Kariakoo: nimevikubali ila kagueni kwanza

Wakuu, mi natype Kiarabu karibu kila siku, mitihani ya madrasa, matangazo, na kibodi yangu ya mekanikali (ile yenye swichi chini ya kila batani, na vifuniko vyake vinachomoka) ilikuwa na ABC tupu, so nikazama Kariakoo mtaa wa Aggrey nikachukua seti ya vifuniko vya batani vyenye herufi mbili mbili, Kilatini na Kiarabu. Jamaa alianzia 80,000 tukamalizana 65,000.

Cha kwanza kukagua sio uzuri, ni mpangilio. Kuna seti za Kijapani, Kirusi, hata Kiarabu ambazo herufi zimewekwa urembo tu, unabonyeza hiki skrini inatoa kingine, maana kompyuta haijui kifuniko kimeandikwa nini, yenyewe inafuata lugha uliyoweka kwenye setingi. Kwa Kiarabu cha Windows angalia Q iwe na ض, A iwe na ش, H iwe na alifu, na B iwe na لا zimeshikana. Wa Kirusi mstari wa juu lazima uanze ЙЦУКЕН. Hii yangu ilikuwa poa kote. Ila kama unaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa Pwani na tenzi zao, mpangilio huo hauna پ wala چ wala گ, hizo utazikuta kwenye wa Kiajemi na mi seti ya Kiajemi Kariakoo sijaiona.

Plastiki ni PBT, hapo nawapa maksi zote. ABS, ile plastiki nyingine ya vifuniko, na hili joto letu, vidole vina jasho muda wote, haichelewi kuanza kung'aa kama kipara. Afu herufi zenyewe rangi imepikwa ndani ya plastiki kwa joto, kwaruza na kucha uwezavyo haitoki. Ubaya wake mwanga haupenyi kwenye herufi, kwa hiyo zile taa za rangi rangi chini ya kibodi zinabaki mapambo, na umeme ukikata usiku ndo utajua.

Spesi nayo, ile batani ndefu ya chini, ikiwa ya PBT wakati mwingine inapinda ikipoa kiwandani. Ilaze juu ya kioo cha kaunta uibonyeze ncha, ikicheza mwambie akupe nyingine, mi nilibadilishiwa palepale bila maneno. Na kabla ya kwenda dukani chomoa kifuniko kimoja cha kibodi yako nyumbani uone, swichi iwe na kimsalaba katikati, na Enta yako kama ni ile kubwa iliyopinda usichukue seti ya Enta ya kulala, haitaingia hata ulie.

Wa laptopu hivi havivai kabisa, nyie chukueni stika, zipo maduka hayo hayo kwa bei ya chipsi mayai, chagueni tu zisizong'aa.