Shreda yetu ya ofisini, ama peislipu zifungiwe bajia

Haya, mlioniuliza ile shreda, yaani mashine ya kukatakata karatasi, tuliyonunua hapa Malindi ikoje: nunueni, lakini sio ile ya bei rahisi inayotoa mikanda mirefu.

Ofisi yetu ni ya hoteli, na huku karatasi za ofisi hazitupwi, zauzwa kwa kilo, zikifika sokoni ndizo za kufungia njugu na bajia. Sasa kuna mwenzetu wa jikoni kanunua bajia zake, kufungua anakuta peislipu ya mpishi mwenzake, jina, namba ya kitambulisho, akaunti ya benki, makato yote mpaka mkopo wa sacco, mafuta yameingia lakini wallahi kila kitu chasomeka. Jioni hoteli nzima yajua nani analipwa ngapi. HR akaanza kutafuta mchawi na hali kopi ilitoka na wino hafifu akaitia ndooni mwenyewe.

Bosi alikuwa hataki gharama, tukamwonyesha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, faini yaweza kufika milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Aliposikia milioni basi pesa ikatoka hapo hapo.

Hii yetu ni daraja la usalama P-4, yaani inakata vipande vya milimita 4 kwa 40, kama pilau iliyomwagika, hakuna wa kuunga. Ile ya mikanda, karatasi ikiingia kiupande maandishi yakaenda sambamba na visu, mstari mzima unatoka unasomeka vizuri tu, sasa si umefanya kazi bure.

Ubaya wake ni kuchoka haraka. Dakika chache ishachemka inajizima na unangoja kama nusu saa, kwa hivyo mafaili ya miaka kumi usijaribu. Boksi linasema karatasi nane, huku pwani na huu unyevu tia tano. Stima ikikatika katikati usivute kwa nguvu, ngoja irudi ubonyeze kile kitufe cha kurudisha nyuma. Na kutu ikianza msipulize zile spray za kulegeza nati, gesi yake yashika moto, tafuteni mafuta yake ya shreda.

Wale wa mapokezi wanaopiga picha pasipoti za wageni na kuzitupa kwenye grupu la WhatsApp, hao shreda haiwawezi, hiyo ni kazi ya bosi kuwakalisha chini.

Nyota nne. Dukani wametupa waranti ya mwaka na kijana akaja kutuonyesha inavyotumika bila kudai chai. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya kikapu, kidogo mno, ukiichana mishahara ya mwezi mmoja tu kishajaa, na ukichelewa kumwaga vipande vinapanda juu vinakwama kwenye visu.