Wachapaji wa mabango, Makoroboi: kijana anauliza kwanza, ila pete zao za kutundikia ni dhaifu

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita, Ilemela, Mwanza. Wachapaji niliowazoea wanapokea flashi na kukwambia urudi saa kumi. Huyu wa Makoroboi, ghorofani juu ya mafundi cherehani, aliushika mchoro wangu wa penseli akataka kwanza auelewe.

Ulikuwa mchoro wa jinsi sitomegalovirusi inavyojificha mwilini. Nikamwanzia soko la samaki la Mwaloni Kirumba: muuza dagaa huweka kiganja kimoja cha dagaa juu ya gunia, mnunuzi ajue kilichomo. Seli nayo hufanya hivyo. Proteini inayotakiwa kuondolewa hubandikwa alama, ubikwitini, inasagwa na proteasomu, kinu cha seli cha kusagia proteini, na vipande vyake hupelekwa juu ya seli vikiwa vimekaa kwenye kisahani, yaani molekuli ya MHC. Seli T, askari wa kinga ya mwili, ikipita ikakuta kipande cha kirusi, inaiua seli hiyo. Sasa kirusi hiki kina proteini mbili, US2 na US11. Zinakidaka kisahani kikiwa bado kipya, zinakiingiza kwenye proteasomu ileile kisagwe. Gunia linabaki halina cha kuonyesha.

Akanyamaza kidogo. "Samahani mwalimu. Umechora kisahani kinatengenezwa humu ndani ya vifuko, halafu kinasagwa huku nje ya vifuko. Kimetokaje?"

Nilikuwa nimesahau mshale! Na mshale huo ndio somo lenyewe: kisahani huvutwa kirudi nyuma, kitoke kwenye retikulamu ya endoplazimu, yaani vile vifuko, hadi kwenye saitoplazimu, ule ujiuji ulio nje yake. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 1996. Akauchora mwekundu, mnene, hata wa dawati la nyuma anauona.

Bango la mita moja kwa moja na nusu nililipia shilingi 25,000. Rangi haijapauka tangu Machi, na ukuta ule unapigwa jua la mchana kutwa. Lakini waliniahidi Ijumaa nikalipata Jumatatu, kipindi cha kwanza kimeshapita, na hilo liliniuma. Pete mbili za pembeni ziling'oka wiki ya pili kwa upepo wa ziwani, nimezishonea kamba.

Hata hivyo narudi kwake. Binti mmoja darasani aliuliza kama seli isiyo na kisahani haitiliwi shaka na yeyote. Inatiliwa: zipo seli za kinga, wataalamu huziita NK, zinazoishambulia kwa sababu hiyohiyo. Bango la pili ni la hizo, na safari hii nataka pete nane.