Kipimo cha klorini cha vidonge vya DPD: kwa hoteli za Dar kinafaa, ila kina mitego

Bakteria wa Legionella, wanaosababisha nimonia kali, huzaliana maji yakiwa kati ya nyuzi joto 20 na 45, na simtanki lililo juu ya paa Masaki au Kariakoo hukaa humohumo karibu mwaka mzima. Mgeni hapati nimonia hiyo kwa kunywa maji kama kawaida, anaipata kwa kuvuta matone madogo ya bomba la mvua au jakuzi. Nchi za baridi huwazuia kwa kuyaweka maji baridi chini ya nyuzi 20. Dar haiwezekani. Maji ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 na yafike chumbani yakiwa 50 ndani ya dakika moja. Maji ya baridi yanabaki kutegemea klorini, na klorini lazima ipimwe.

Madukani utakuta vipimo vya aina tatu. Matone ya OTO, yanayogeuza maji kuwa njano, ni rahisi lakini yanaonyesha klorini jumla, yaani iliyo huru kuua pamoja na iliyokwisha kufungwa na uchafu. Bwawa lililojaa watoto Jumapili litatoa njano nzuri kabisa huku klorini nyingi ikiwa imeshakamatwa na jasho na mkojo, karibu haiui kitu. Vijiti vya kuchovya huharibika upesi kwa unyevu wetu wa pwani. Hoteli inunue vidonge vya DPD, dawa inayogeuka waridi ikikutana na klorini, pamoja na kisanduku chake cha kulinganisha rangi.

Matumizi ni mepesi: suuza kichupa kwa maji unayopima, jaza mililita 10, ponda kidonge namba 1, soma rangi ya waridi mara moja. Hiyo ni klorini huru. Ongeza namba 3 humohumo, subiri dakika mbili, upate jumla. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo klorini iliyofungwa. Kidonge usikishike kwa vidole. Kwenye chumba cha mbali kabisa tunataka klorini huru ya walau miligramu 0.2 kwa lita, tangini karibu 0.5, jakuzi 3 hadi 5.

Sasa mitego. Mkubwa zaidi: klorini ikizidi kama miligramu 10 kwa lita, rangi inababuka na maji yanabaki meupe. Fundi anasoma sifuri, anaongeza dawa. Hutokea hasa siku ya kuua vijidudu tangini, ambapo lita 5,000 huhitaji gramu 385 hivi za klorini ya unga ya asilimia 65 ili kufikia miligramu 50 kwa lita, zikae saa nzima. Siku hiyo changanya mililita 1 ya sampuli na maji yaliyotoneshwa (distilled) hadi zitimie 20, pima 10 kati ya hizo, zidisha jibu kwa 20.

Mtego wa pili ni maji ya kisima. Yakiwa na madini ya manganizi, klorini huibadilisha, nayo inatoa waridi ya uongo. Wa tatu ni vidonge vikubwa vya bwawa vinavyoyeyuka polepole: huacha asidi ya sayanuriki, na DPD inahesabu kuwa huru hata klorini iliyoshikwa na asidi hiyo. Jakuzi usiitie vidonge hivyo.

Pima na pH pia, yaani kiwango cha asidi ya maji, kwa kidonge cha fenoli nyekundu. Kwenye 7.5 karibu nusu ya klorini huru ndiyo yenye nguvu ya kuua. Kwenye 8 inabaki kama robo. Namba ya klorini pekee haitoshi, ingawa madaftari mengi ya mabwawa yana safu hiyo moja tu.

Kipimo hiki hakihesabu bakteria. Kwa hilo maabara inataka lita moja, kwenye chupa safi yenye thayosalfeti ya kuizima klorini. Bila hiyo bakteria wanaendelea kufa njiani na majibu yanarudi safi.