Picha safi, maelezo hakuna: kipimo changu cha tezi ya shingo

Nyota tatu. Mbili za mashine na dada aliyenipima, moja ya kutokaa foleni. Mbili zilizobaki wamezipoteza mapokezini.

Kituo sikitaji jina. Kiko Dar, juu ya duka la dawa. Mimi ni msusi, na nilianza kushtuka nywele zangu mwenyewe zilipokuwa zinabaki kwenye kitana kuliko za wateja. Choo kigumu, uchovu, na sweta mwezi wa Januari ndani ya saluni yenye draya tatu zinazowaka. Daktari wa zahanati yetu akanipapasa shingo, akaniambia nimeze mate, akaandika: altrasaundi ya tezi ya thairoidi. Nililipa 40,000.

Kipimo chenyewe hakina taabu, wala hufungi kula. Unalala chali na mto chini ya mabega, unapakwa jeli ya baridi, kisha kifaa kama mashine ya kunyolea kinapita shingoni. Dada alinigeuzia skrini: tezi ina mbawa mbili kama kipepeo, na daraja jembamba katikati. Daraja langu lilikuwa limenenepa mpaka milimita 6, na mbawa zina mabaka meusi. Akabonyeza kitufe, skrini ikajaa nyekundu na buluu; ndiyo damu inavyokimbia humo. Ila karatasi ya kufutia alinipa moja tu, jeli ikanikaukia kwenye kola. Nendeni na kanga kuukuu.

Sasa mapokezi. Kijana akanisukumia bahasha, ndani ukurasa mmoja wa Kiingereza kitupu. Nilichoambulia ni kwamba kuna kinundu upande wa kulia, milimita 7, na neno TI-RADS likifuatiwa na namba 3. Nikamuuliza ndiyo nini. "Mpelekee daktari wako, mama." Ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni, na daktari wangu yupo Jumatatu. Siku mbili hizo sikulala. Kwa akili yangu, ile 3 ilikuwa saratani hatua ya tatu, na nilishaanza kuwaza nani atabaki na saluni.

Jumatatu daktari alimaliza hofu yote kwa dakika tano. TI-RADS ni ngazi za kupima mashaka ya kinundu kwa kukitazama kwenye picha, kuanzia 1 hadi 5, wala siyo hatua za saratani. Ngazi ya 3 ina mashaka madogo: sindano ya kuchukua chembe husubiri kinundu kifike sentimita 2.5, na kufuatiliwa kwa picha huanzia 1.5. Changu hakijafika hata moja.

Habari ilikuwa kwenye yale mabaka. Askari wa kinga ya mwili wangu wameivamia tezi yangu wenyewe, wanaila polepole. Ugonjwa huo unaitwa Hashimoto, jina la daktari mpasuaji wa Kijapani aliyeueleza mwaka 1912. Lakini picha huonyesha umbo tu. Kama tezi inafanya kazi au imechoka, hilo huulizwa damu. TSH yangu, yaani homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi na ambayo hupanda tezi ikichoka, ilisoma 18 wakati mwisho wa kawaida wa maabara ile ni 4.2, na kingamwili za TPO, alama ya kinga kuishambulia tezi, zilikuwa juu sana.

Sasa nameza levothairoksini, dawa ya kufidia homoni ya tezi, alfajiri kwa maji matupu, chai inasubiri saa nzima. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo nilikuwa navibugia pamoja nayo, vimehamishiwa jioni kwa sababu madini ya chuma huzuia dawa isifyonzwe. Nimeambiwa nirudie TSH baada ya wiki sita.

Picha nikitakiwa tena nitapiga palepale, kwa dada yuleyule. Ila nitakwenda Jumatatu asubuhi, na bahasha siifungui njiani.