Ziwa Ngosi, Mbeya: panda mapema, tazama kutoka juu

Anayetafuta ziwa lisilo na muziki wa hoteli wala boti za kukodi, nyanda za juu kusini zimemwekea Ngosi. Limo ndani ya shimo la volkano katika milima ya Uporoto, wilayani Rungwe, na mandhari yake yanastahili kila tone la jasho. Ila lijulikane mapema kwamba hili ni ziwa la kutazama. Hakuna ufukwe. Unasimama ukingoni, maji ya kijani yako takriban mita 200 chini yako, na kuta za msitu zimeyazunguka pande zote.

Kutoka Mbeya mjini, panda daladala hadi Uyole, kisha kosta ya Tukuyu au Kyela. Mwambie konda akushushe Isongole, penye kibao cha ziwa. Kutoka lami hadi ukingo wa msitu ni kilomita kadhaa za barabara ya vumbi katikati ya mashamba ya viazi. Bodaboda inakuokolea miguu, lakini mvua ikinyesha huenda ikakuacha njiani. Patana bei ya kwenda na kurudi kabisa, na umwambie dereva saa ya kukufuata.

Msitu uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Kamilisha malipo ukiwa bado una mtandao mzuri. Chukua mwongoza wageni wa kijijini: njia ina michepuko, na macho yake ndiyo yatakayomwona kinyonga wa pembe tatu wa Uporoto, ambaye wewe ungempita ukidhani ni jani. Mbega nao wapo juu ya miti.

Kupanda msituni ni kama saa moja hadi moja na nusu. Mwanzo ni mpole. Kazi iko kipande cha mwisho, penye mwinuko mkali, mizizi na udongo laini wa majivu ya volkano unaogeuka utelezi mvua ikigusa. Wengi huanguka wakati wa kushuka, kwa sababu magoti yamechoka na raba zao hazina meno. Vaa gambuti au viatu vya soli ngumu, shika fimbo, beba maji lita moja na nusu na koti, maana jasho likipoa huko juu baridi inauma. Usikanyage majani ya ukingoni. Mengine yamefunika genge tupu. Ukiambiwa kuna kinjia cha kuteremka hadi majini, kikatae.

Nenda kati ya Juni na Oktoba, utoke Mbeya saa 12 asubuhi. Jua likipanda mawingu hujikusanya, na ukungu ukijaa shimoni utafika kileleni usione hata tone. Ukikuta hivyo, subiri nusu saa. Mara nyingi upepo huufungua kidogo. Lile umbo la ramani ya Afrika ambalo ziwa hili husifiwa kuwa nalo halionekani vizuri kutoka sehemu ya kusimama, na kamera ya simu hailimezi ziwa lote, hivyo piga picha ya panorama.

Huko juu hakuna kibanda cha chakula, basi kula kabla au beba. Mwenye gari binafsi anaweza kuunganisha na Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba kwenye mto Kiwira, siku hiyohiyo. Kwa kosta, lipangie siku yake.