Nakala za DFC na DFM: geuza upande wa nyuma kwanza

Nishani halisi za DFC (Distinguished Flying Cross, msalaba wa ushujaa angani) na DFM (Distinguished Flying Medal, medali ya ushujaa angani) walizovishwa wanaanga wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyingi sasa zimefungiwa kwenye masanduku ya benki au makumbusho. Ndiyo maana familia hununua nakala za kuvaa kwenye kumbukumbu au kutundika ukutani. Sokoni ziko za aina mbili, na kwenye picha ya mtandaoni zinafanana kabisa. Ukizishika mkononi, tofauti yake ni kubwa.

Aina ya kwanza humiminwa kwenye kalibu. Mtengenezaji huchukua nishani halisi, anatoa kalibu yake, kisha anamimina madini laini na kuyachovya fedha. Madini yanapopoa husinyaa, kwa hiyo msalaba hutoka mdogo kidogo kuliko unaotakiwa. DFC ya kweli ina urefu wa milimita 60 hivi na upana wa milimita 54. Pima kwa kaliba, kile chombo cha taya mbili cha kupimia vipimo vidogo, maana rula haitakuonyesha upungufu wa milimita moja. Halafu chukua kioo cha kukuzia utazame sehemu tambarare: ukiona vitobo vidogo kama vya sindano, hivyo ni viputo vya hewa vilivyobaki wakati wa kumimina. Alama za bawa na taji pale katikati nazo huwa zimefifia kama sabuni iliyotumika. Aina hii haifai kununuliwa hata ikiwa rahisi.

Aina ya pili hupigwa chapa kwa muhuri wa chuma, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Kingo zake ni kali, na mabomu yaliyo kwenye ncha za mkono wa kushoto, wa kulia na wa chini yanaonekana kuwa mabomu kweli. Mkono wa juu unaishia kwa waridi. Juu ya msalaba huo umelazwa mwingine wa propela, na katikati yake kuna shada lenye herufi RAF, za Jeshi la Anga la Uingereza. Ncha za propela ndizo zinazochakaa mapema, kwa sababu zimeinuka na husuguana na nguo. Fedha iliyochovywa kwa utando mwembamba hutoka hapo kwanza, na rangi ya njano ya shaba huchungulia.

Hata hivyo, makosa mengi yako nyuma. DFC ilianzishwa tarehe 3 Juni 1918, na mwaka huo umeandikwa nyuma ya kila msalaba, chini ya herufi za mfalme aliyekuwa akitawala. Kwa nishani ya wakati wa vita, herufi hizo lazima ziwe GRI, za Mfalme George VI. Kuna nakala zinazouzwa kama za mwaka 1943 huku nyuma zina herufi za Malkia Elizabeth II, aliyeanza kutawala 1952. Hilo ni kosa lisilosameheka, na muuzaji makini angelikuta kwa kugeuza kitu mara moja tu. Isitoshe, wakati wa vita mwaka wa kutolewa ulichongwa kwenye mkono wa chini, upande huohuo wa nyuma. Nakala nzuri huachwa wazi hapo ili sonara auchonge. Usimwambie achonge jina, kwa kuwa DFC ilitolewa bila jina.

DFM ni kinyume chake. Hii ilikuwa ya vyeo vya chini, ina umbo la yai, na namba, cheo na jina la mhusika vilichongwa kwenye ukingo. Ukingo wa nakala uwe mnene na laini kiasi cha kubeba maandishi hayo. Nyuma yupo Athena Nike ameketi juu ya ndege, mwewe akiruka kutoka mkono wake wa kulia, pamoja na maneno FOR COURAGE. Kinachovunjika ni kishikio: bomu dogo lenye mabawa mawili yanayoshika utepe. Kwenye nakala za kumimina, mabawa hayo hukatika pale yanapoungana na bomu. Kuyaunga tena ni kazi ngumu, kwani madini hayo huyeyuka mapema kwenye moto.

Utepe unaokuja na seti hizi mara nyingi ndio unaoharibu kazi nzuri. Upana wake ni milimita 32, mistari ya mshazari ya digrii 45, nyeupe na zambarau. Ya DFC ni minene, kama milimita 3, na ya DFM ni nusu yake. Wauzaji hubadilisha hizi mbili ovyo. Ukishonwa ndani nje, mshazari huelekea upande usiofaa, na mjuzi ataona akiwa mbali. Mistari ya kulala ilitumika hadi 1919 tu, kwa hiyo haina nafasi kwenye seti ya vita vya pili. Kwa nishani ya kuning'inia, sentimita 15 zatosha. Ikibandikwa kwenye kibao kigumu isicheze, agiza 20.

Kwenye safu, DFC hutangulia, DFM hufuata, kisha nyota za vita, yaani nishani za kushiriki vita. Kwa Waingereza, ndugu anayevaa za marehemu huziweka kifuani upande wa kulia.

Usizihifadhi kwenye mifuko ya plastiki ya PVC wala juu ya kitambaa cha sufu: ya kwanza hunata, ya pili hutoa salfa inayoitia fedha weusi. Na hakikisha nakala ina alama ndogo ya kuitambulisha kuwa nakala. Isiyo na alama hiyo irudishe, maana miaka ishirini ijayo mtu ataiuzia familia nyingine kama ya kweli.